Mashine Zilipoacha Kulia

Tobia alijulikana kwa masikio yake. Kibanda chake kilikuwa juu kidogo ya soko la Lushoto, kwenye safu ya milango ya mbao inayotazama mlima, na watu walioleta kompyuta zao kutoka Soni, Mlalo na Magamba waliambiana kwamba fundi huyu hafungui mashine kabla hajaisikiliza. Aliiwasha, akainamisha kichwa, akafumba macho. Ikitoa mlio mmoja mfupi, alitabasamu: ndani ni salama, tatizo litafutwe kwenye skrini au kwenye waya. Mlio mrefu ukifuatwa na mifupi miwili, alisema, "Hii imepofuka, haioni pa kupeleka picha." Na ile iliyolia bila kukoma, kama kifaranga aliyepotezana na mama yake, aliipigapiga ubavuni kwa upole.

"Inalilia ramu," aliwaambia wenyewe.

Ramu ni ile kadi nyembamba ya kumbukumbu. Aliichomoa, akayasugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha shule, maana ukungu wa mlima huu hula shaba kama mchwa wanavyokula boriti, kisha akairudisha na kuikandamiza kwa vidole gumba viwili mpaka asikie imeuma. Mashine ikaamka. Akaifunga, akabandika juu ya parafujo karatasi ndogo yenye sahihi yake. Karatasi ile ilikuwa kiapo. Fundi mwingine hakuichana, na mteja aliyeichana alijua hana tena haki ya kurudi kudai.

Kwa mtu aliyeona hayo, Tobia alikuwa na kipaji. Tobia mwenyewe alijua kwamba kipaji chake kilianzia kwenye upungufu.

Alipokuwa mdogo, baba yake alikuwa na kahawa kwenye miteremko ya nyuma ya nyumba. Msimu wa kuchuma, watoto wote walipewa vikapu na kuambiwa wachume zilizoiva tu. Kikapu cha Tobia kilirudi kila mara kimechanganyika, nyekundu na mbichi pamoja. Baba yake alimchapa kwa uvivu, kisha akamchapa kwa kiburi, maana mtoto mwenye macho yake mawili mazima anawezaje kuchuma mbichi kama si kwa kusudi? Kwa Tobia punje zote zilikuwa za rangi moja, rangi ya majani yaliyokauka. Akajifunza kuzibinya: iliyoiva ni laini. Fimbo zikakoma, na siri ikakaa mahali pake. Miaka mingi baadaye, chuoni, alipoona wenzake wanafundishwa umeme wa nyaya za rangi rangi, aliondoka kwenye foleni ile akaingia ya kompyuta. Kompyuta zililia. Chochote kinacholia, Tobia alikiweza.

Tobia alimkuta Beatha mlango wa pili. Alikuwa akifuma vitambaa vya kufunikia televisheni na redio, na Tobia alipofungua kibanda akafuma na vya kompyuta, vyeupe vyenye pindo la maua, ambavyo kila ofisi ya mlimani inavitaka mpaka leo. Walioana, wakabomoa ukuta wa mbao uliowatenganisha, na mtoto wao wa kwanza, Wema, akalala kwenye kikapu cha uzi chini ya meza ya ufundi. Tobia ndiye aliyemfundisha mkewe. Alimfunga macho kwa kitambaa, akawasha mashine, akauliza, "Hii inasemaje?" Beatha alikosea, wakacheka. Akapatia, wakacheka zaidi. Hiyo ilikuwa miaka mizuri, na Tobia aliamini kwamba alichompa mkewe kilikuwa kama kibaba cha mbegu: ukimpa mtu mbegu, huwi maskini.

Halafu mashine zikaacha kulia.

Haikuwa ghafla. Zilianza kuja kompyuta mpya ambazo ndani hazina spika hata ndogo, na nyingine ambazo, badala ya kulia, ziliwasha taa. Kitufe cha kuwashia kikiwa kijani, mashine ni nzima. Kikiwa rangi ya chungwa, kuna maradhi. Kikipepesa, ni maradhi mengine. Pembeni vijitaa vya namba vikatoa maelezo, hiki kikiwaka na kile kikizimika. Tobia aliinama, akafumba macho kwa mazoea, akasikia feni tu. Akafumbua, akaona nukta ya mwanga. Ilikuwa mwanga, basi. Ingeweza kuwa kijani au chungwa, mbivu au mbichi.

Mwanzoni alijificha nyuma ya shughuli. "Mama Wema, hebu nisomee hiyo taa, mikono yangu ina grisi." Beatha alisoma. "Mama Wema, nimeacha miwani." Beatha alisoma. Alisoma haraka, kwa mtazamo mmoja, bila kuweka chini sindano yake ya kufumia, na wateja walioketi kwenye benchi wakisubiri walianza kugeuza magoti yao. Zamani magoti yote yalielekea kwa Tobia. Sasa yalielekea dirishani, alikokaa Beatha.

Wivu hauingii nyumbani kwa kishindo. Huingia kama baridi ya Juni, kwa kutafuta upenyo. Siku mwalimu mmoja aliposimama mlangoni na kuuliza, "Mama Wema yupo?" huku Tobia amesimama mbele yake na bisibisi mkononi, upenyo ulipatikana. Tobia akaanza kuhesabu kila kitu. Akaona jinsi mkewe anavyovuta kiti bila kuomba. Akaona anavyosema "mashine yangu" juu ya mashine ya mteja. Alimsikia akicheka na wateja, na masikio yake yale yaliyosifiwa yakaanza kupima urefu wa kicheko: huyu amechekewa kifupi, huyu kirefu. Kanisani, kwenye kwaya, alikosa kuingia kwenye sauti ya tatu kwa sababu alikuwa akimtazama Beatha kwenye safu ya wanawake anamnong'oneza nani.

Aliyechekewa kirefu kuliko wote alikuwa Abdulaziz.

Abdulaziz alikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda kimoja cha chai upande wa Bumbuli. Kwao ni Muheza, Mbondei mwenye maneno mengi, kijana wa miaka thelathini na kitu aliyevaa koti zito mwaka mzima na kulalamikia baridi ya Wasambaa kana kwamba wao ndio wanaoipika. Asubuhi moja alisimamisha pikapu ya kiwanda mbele ya kibanda, akaingia amekumbatia kompyuta iliyovikwa kitambaa cheupe cha pindo la maua.

"Shikamoo, Baba Wema."

"Marahaba."

"Shikamoo, Mama Wema! Nimemleta mgonjwa, nimemvika kabisa nguo uliyomfumia wewe. Asije akapata mafua."

Beatha alicheka. Kirefu. "Ndiyo maana ameugua. Nilisema mumvike akilala, nyie mnamvika akifanya kazi. Atapumulia wapi?"

"Huku kwenu mtu akivua koti anakufa. Sisi tukadhani na kompyuta ni Msambaa."

Benchi zima likacheka. Tobia aliichukua mashine mikononi mwa Abdulaziz, akaiweka mezani kwake, akaichomeka kwenye umeme na kubonyeza kitufe. Feni iliruka kidogo, ikafa. Ilikuwa na spika, lakini haikutoa sauti. Kilichobaki ni nukta ya mwanga kwenye kitufe, ikipepesa. Beatha alikuwa anainuka. Tobia akaona magoti ya benchi yanaanza kugeuka, na hapo akatamka kitu ambacho kwa miaka yote alikuwa mwangalifu asikitamke.

"Taa ni kijani," alisema. "Umeme unaingia vizuri. Hii ni bodi, ubao mkuu wa ndani, imekufa."

"Kijani, Baba Wema?" Abdulaziz aliinama, akatazama kitufe, akamtazama Tobia, akacheka kwa mdomo mzima. "Mzee wangu, hii ni kijani? Hili ni chungwa limeiva, linangoja kumenywa tu!"

Watu wakacheka tena, na safari hii Tobia alikuwa ndani ya kicheko.

Beatha alishafika mezani. "Ilikuwa kijani," alisema upesi. "Imebadilika sasa hivi, nimeona. Hizi huwa zinabadilika." Akasimama kati ya kitufe na macho ya watu. "Inapepesa chungwa, basi ni pawa saplai, kile kisanduku cha kuleta umeme. Tunayo moja kwenye ile mashine iliyokufa bodi. Kaa, Abduli, chai ipo."

Kama angemcheka pamoja na wengine, Tobia angeumia siku mbili tatu, yakaisha. Lakini alidanganya ili kumkinga. Mtu hamkingi mwenzake kwa jambo asilolijua. Mkono wa Tobia ulikuwa bado juu ya mashine, na ndani yake kila kitu kikajipanga: grisi, miwani, shughuli, na jinsi Beatha alivyokuwa akisoma taa bila kuuliza hata mara moja kwa nini. Alijua. Tangu lini? Alimchunga miaka hii yote kama mtu anavyomchunga kipofu asijikwae, akatabasamu, akafuma. Siri aliyoificha hata kwa marehemu baba yake ilikuwa mfukoni mwa mkewe pamoja na uzi.

Beatha alibadilisha pawa saplai mwenyewe, kwa ustadi, akiongea na benchi. Mashine ikalia mara moja, kwa ufupi, ikaamka. Watu walimsifu. Ilibaki kufungwa tu, kisha apande pikapu pamoja na Abdulaziz akaiunganishe na mizani kule kiwandani, maana wakulima wa chai wangekuja na majani mchana.

"Ngoja nikabadilishe kilemba," alisema. "Baba Wema, niangalizie ramu kabla hujafunga. Vidole vyako ndivyo vinavyojua."

Alilisema kwa upendo. Tobia alilisikia kama sadaka anayotupiwa mlangoni.

Alisugua kadi kwa kifutio, akairudisha mahali pake, akaikandamiza mpaka ikauma. Kisha akatazama dirishani. Abdulaziz alikuwa anakung'uta kiti cha mbele cha pikapu kwa ajili ya Beatha, na Beatha, kichwani ana kilemba cha Jumapili, alikuwa anacheka. Vidole gumba vya Tobia vikarudi kwenye kadi. Akailegeza, kiasi cha ukucha. Na kwa kuwa alijua mashine ingelalamika, akafuata waya mwembamba wa spika kwa ncha ya kidole mpaka mwisho wake, akauchomoa. Akafunga. Akabandika karatasi yenye sahihi.

Pikapu ilipokunja kona ya kushukia Soni, alikaa kwenye kiti cha mkewe. Hakufanya kazi siku ile. Wateja walioingia aliwaambia warudi kesho. Aliwafuata wale wawili kwa mawazo, kona kwa kona: sasa wako Soni, sasa wanapanda, sasa wanaongea nini? Alimwona Beatha mbele ya watu wa mizani akibonyeza kitufe, na kitufe kikimkatalia. Alitaka hilo kwa njaa. Alitaka naye Beatha aone jinsi inavyokuwa, taa inapokutazama mbele za watu na wewe huna cha kusema. Adhuhuri ikapita. Ukungu ukateremka kutoka Magamba, ukaingia mpaka mlangoni, na Tobia hakuinuka kufunga.

Walirudi jioni kabla ya giza. Abdulaziz alishusha mashine bila utani wowote, akaiweka mezani kwa Tobia. Beatha aliingia nyuma yake. Kilemba alikuwa amekivua, amekishika mkononi.

"Ulikuwa sahihi," alimwambia mumewe. "Ni bodi."

Tobia aliinuka kwenye kiti cha mkewe.

"Nimemwambia Mama Scholastica wa mizani, mbele ya wote. Nimesema, mume wangu aliona bodi tangu asubuhi, mimi nikajifanya najua. Wakulima wamesimama na vikapu vyao mpaka majani yakaanza kunyauka. Wamenitukana, na wana haki."

"Mmoja amesema mwanamke arudi kwenye vitambaa," Abdulaziz aliongeza kwa sauti ndogo. "Nimemjibu, lakini ndiyo hivyo, maneno yameshatoka."

Hiki ndicho Tobia alichokitaka. Kilikuwa kimekuja kizima, kikubwa kuliko alivyokiomba, na kilimkaa mdomoni kama chakula cha mgonjwa.

"Taa zilisemaje?" aliuliza.

"Zilidanganya." Beatha alikaa kwenye benchi, mahali pa wateja. "Taa za namba zilisema ramu. Nimezitazama mara nyingi, ramu, ramu. Nikasikiliza kama ulivyonifundisha. Ingekuwa ramu, ingelia. Haikulia."

"Sasa mbona hukufungua ukaiangalia?"

Beatha alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Niichane sahihi yako mbele ya watu? Baada ya mambo ya asubuhi? Ramu uliikaza wewe kwa mkono wako. Nikaona bora taa ziwe zimeniongopea, bora macho yangu mimi ndiyo mabaya." Akakunja kilemba. "Kuanzia kesho nitafuma. Mashine utashika wewe."

Hapo pana njia mbili, na mtu mwenye wivu huziona zote mbili waziwazi kuliko mtu mwingine yeyote. Tobia angeweza kusema, "Sawa, niachie." Usiku angekaza kadi, angerudisha waya, na kesho angeenda kiwandani mwenyewe na mashine iliyofufuka. Magoti ya benchi yangerudi kwake mpaka kufa kwake. Mkewe asingejua. Angekaa dirishani akifuma, akiyashuku macho yake mwenyewe.

Aliwaza hivyo kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kusemwa.

Kisha akachana karatasi ya sahihi yake. Alifungua mfuniko, akatafuta waya wa spika, akaurudisha. Ramu hakuigusa. Akachomeka umeme, akabonyeza kitufe, akarudi nyuma hatua moja.

Mashine ililia. Ililia bila kukoma, pii, pii, pii, mpaka kibanda kizima kikajaa kilio chake, na jirani wa viatu akachungulia kuuliza kulikoni. Abdulaziz alimtazama Tobia asielewe. Beatha alielewa. Sikio lile alilifundisha Tobia mwenyewe. Aliinuka polepole, akainama juu ya mashine, akaweka kidole kwenye kadi, ikacheza. Akaufuata waya mpaka mwisho wake, akaona vumbi limefutika mahali ulipokuwa umechomolewa. Akauzima umeme.

"Umeuchomoa ili nisisikie," alisema.

"Ndiyo."

"Na hii umeilegeza."

"Ndiyo."

"Kwa nini, Tobia?" Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Wema azaliwe.

"Kwa sababu wakija mlangoni wanakuulizia wewe." Tobia aliikunjakunja ile karatasi iliyochanika. "Na kwa sababu unajua kwamba mimi sioni, ukakaa kimya."

"Nilijua tangu tuchumbiane. Uliniletea gauni ukasema ni la kijani kama msitu. Lilikuwa jekundu. Nililivaa." Alianza kuukunja waya wa umeme. "Nilikaa kimya kwa sababu ulikuwa unaficha. Ulitaka nifanyeje? Nikutangaze?"

Abdulaziz alijikohoza, akashika koti lake. "Mimi nitasubiri nje."

"Kaa," Beatha alimwambia. "Umesikia kule, sikia na hapa. Kesho asubuhi utakuja kutuchukua, mimi na mzee. Mashine nitaifunga mimi. Kule kiwandani, yeye ndiye atakayeongea." Akamgeukia mumewe. "Jina langu umelimwagia tope mbele ya mizani. Utaliosha palepale, siyo hapa mbele ya jirani wa viatu. Ukishindwa, mimi nitashuka Soni kwa dada yangu na sitapanda tena."

Usiku ule walikula bada, ugali wa muhogo, na mboga. Asubuhi pikapu ilikuja. Beatha alikaa katikati, na Tobia alibanwa dirishani. Hata katika hali ile, mkewe na Abdulaziz walipopeana neno moja juu ya tope la barabara, alihisi kitu kinamchoma ubavuni. Alijishangaa. Alidhani aibu ingekuwa imekiua.

Kwenye mizani, wakulima walikuwa wameshapanga foleni, wanawake wengi, vikapu migongoni. Mama Scholastica, msimamizi, alitoka na miwani yake kwenye paji la uso.

"Fundi mwenyewe ameletwa leo," alisema. "Karibu sana, baba. Jana tulihangaika."

Beatha aliweka mashine mezani na kuchomeka nyaya. Hakuwasha. Alimngoja.

Tobia alivua kofia. Alikuwa ameandaa maneno njia nzima, maneno yenye heshima, na yote yakamtoroka.

"Jana mke wangu alisoma taa sawasawa," alisema. "Zilisema ramu, na ilikuwa ramu. Bodi ni nzima. Ramu niliilegeza mimi, kibandani, kwa makusudi, ili aaibike. Majani yenu yamenyauka kwa ajili ya wivu wangu."

Foleni ikaanza kunong'ona. Mwanamke mmoja alitema mate pembeni. "Wivu wa mwanamume!" alisema. "Bora nyoka ndani ya kikapu."

"Aliyesema mwanamke arudi kwenye vitambaa yuko wapi?" Abdulaziz aliuliza kwa sauti kubwa. Mzee mmoja akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Beatha alibonyeza kitufe. Mlio mmoja, mfupi. Nukta ya mwanga ikatokea, ikatulia. Mama Scholastica alishusha miwani, akainama kwa mashaka, kisha akanyooka na kumtazama Tobia, kwa mazoea ya watu wote wanaoamini kwamba fundi ni mwanamume.

"Sasa hiyo taa inamaanisha imepona? Ni rangi inayotakiwa?"

Tobia aliitazama ile nukta. Ilimtazama.

"Mimi sizioni rangi hizo, mama," alisema. "Sijawahi kuziona. Muulizeni yeye."

Macho yote ya foleni yakahama kwake yakaenda kwa Beatha, yakabaki huko. Tobia alisimama na kofia yake mkononi, akahisi kile kitu kinapanda tena kifuani, kizima, chenye meno. Akakiacha kiendelee kupanda. Akamsikiliza mkewe akijibu.